Shajara ya mradi: kuzalisha kuvu wa mizizi kwa ajili ya miche ya migomba, Arumeru

18 Februari 2024: Sababu, na udongo wa kuanzia

Kitalu cha kikundi chetu kiko upande wa kusini wa Mlima Meru. Kazi yetu kubwa ni kupokea miche ya migomba kutoka maabara na kuikuza mpaka ifae kwenda shambani. Miche hiyo ni safi. Haina fukusi, haina minyoo, haina mnyauko. Lakini usafi huohuo umeinyima kuvu wanaopaswa kuishi ndani ya mizizi yake. Chipukizi la kung'oa shambani hutoka na kuvu wake. Mche wa chupa umelelewa kwenye rojo la sukari na madini, haujawahi kugusa udongo.

Ushirika wa kuvu hawa na mizizi huitwa mikoriza, jina lililotungwa mwaka 1885 na Mjerumani Albert Bernhard Frank. Wako wa aina kadhaa. Wanaotuhusu sisi ni wale wanaoingia mpaka ndani ya chembe za mzizi, na ndio wanaokaa kwenye migomba, mahindi, kahawa, vitunguu na mipapai. Mabaki ya mimea ya zaidi ya miaka milioni 400 yaliyogeuka jiwe huko Rhynie, Uskoti, yana kuvu wa namna hii ndani yake, kwa hiyo ushirika huu ni wa zamani kuliko mizizi yenyewe kama tunavyoijua leo.

Kwa nini wana maana hapa kwetu? Udongo wa Meru umetokana na majivu ya volkano (mlima ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, mlipuko mdogo), na udongo wa namna hii huishika fosforasi kwa nguvu. Fosforasi yenyewe haitembei. Mzizi ukishamaliza iliyo milimita moja au mbili kuuzunguka, umebaki na njaa katikati ya chakula. Nyuzi za kuvu ni nyembamba kuliko hata vinyweleo vya mizizi, nazo hutoka nje sentimita kadhaa, zikavuta fosforasi na kuileta ndani. Mmea hulipa kwa sukari na mafuta.

Tofauti na uyoga wa kuliwa, ambao huoteshwa kwenye pumba au mabua, kuvu hawa hawakui pasipo mzizi ulio hai. Ukitaka kuwaongeza lazima uwapandie mmea. Mpango wetu basi ni huu: kuchukua udongo wenye kuvu, kupanda mimea yenye mizizi mingi kwenye vyombo, kuwaacha waongezeke, kisha kukata ile mizizi na kuitumia kama mbegu.

Udongo tumeuchukua korongoni, mahali penye nyasi ndefu ambapo hapajalimwa kwa muda mrefu. Mzee mwenye eneo alituonyesha mwenyewe: "Wanangu, chukueni pale juu, nyasi za pale hazijawahi kuonja mbolea." Hilo ndilo tulilolitaka, kwa sababu kuvu hupungua pale ambapo mbolea ya fosforasi imemwagwa miaka mingi. Tulichimba kina cha sentimita 5 hadi 20, pamoja na mizizi, sehemu mbalimbali za korongo, tukachanganya pamoja.

Tuliacha kwa makusudi udongo wa chini ya migomba, maana unaweza kubeba mnyauko na minyoo ileile ambayo miche ya maabara imeepushwa nayo. Tuliacha pia bustani za kabichi, sukuma wiki na mchicha: mimea hiyo kwa kawaida haikai na kuvu hawa, na ikilimwa mfululizo huwapunguza.

Gharama: mkokoteni mmoja, Sh 5,000.

3 Machi 2024: Vyombo, mchanga, mbegu

Tumetumia madumu 12 ya lita 20 yaliyokatwa juu (Sh 2,500 kila moja). Mchanganyiko ni sehemu moja ya udongo wa korongoni kwa sehemu tatu za mchanga mweusi wa mto. Mchanga una faida mbili: fosforasi yake ni kidogo, na mizizi huoshwa humo bila kukatika.

Mchanga ulipikwa kwa mvuke kwanza. Pipa, maji kidogo chini, wavu wa chuma juu ya mawe, viroba vya mchanga juu ya wavu, moto. Katikati ya kiroba tulifukia kiazi mviringo kibichi. Kikiiva, joto limefika ndani. Njia hii inatosha, hakuna haja ya kununua kipimajoto.

Madumu manne yana mtama peke yake. Manne yana mtama na kunde, kwa hoja kwamba mimea ya jamii mbili hulea kuvu wa aina nyingi zaidi. Manne yana mtama pamoja na konzi moja ya mbolea ya kuku iliyooza, ili tuone kama kasi itaongezeka. Mbegu zote zilioshwa kwa maji ya klorini ya kufulia, zikasuuzwa.

Gharama: madumu Sh 30,000, mchanga, mikokoteni miwili, Sh 14,000, kuni Sh 10,000, mtama Sh 2,500, kunde Sh 3,000, klorini Sh 1,500.

28 Aprili 2024: Masika imetuzidi

Masika ya mwaka huu ni kubwa mno. Madumu yalikuwa na matundu manne madogo ya msumari, na hayakutosha. Maji yalisimama, mtama ukawa wa manjano, na dumu moja lilinuka tulipolichokoa. Kuvu hawa wanahitaji hewa kama mizizi inavyoihitaji. Udongo uliojaa maji unawasimamisha wote wawili.

Marekebisho: matundu yamepanuliwa kwa nondo ya moto hadi unene wa kidole, kumi kwa kila dumu. Tulipindua kila dumu taratibu, tukaweka changarawe sentimita tatu chini na kurudisha donge zima bila kulivunja. Madumu sasa yako juu ya matofali, na nailoni imetandazwa juu kwa mteremko. Ndani ya wiki mbili majani yamerudia ukijani, isipokuwa yale ya dumu lililonuka, ambayo yanajikongoja.

Anayeiga mradi huu kwenye ukanda wa mvua nyingi aanze na matundu kumi. Changarawe iwekwe kabla ya kupanda.

Chakula tunachotoa ni urea tu, kijiko cha chai kwenye ndoo ya lita 10, mara moja kwa wiki mbili. Hakuna DAP, hakuna TSP, zile mbolea zenye fosforasi. Mmea unaopewa fosforasi ya bure hufunga mlango kwa kuvu.

Gharama: nailoni mita nne, Sh 12,000.

9 Juni 2024: Kuitazama mizizi

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo moyo wa kazi yote. Kwa macho, mzizi wenye kuvu hawa na usio nao ni sawasawa. Bila kutazama ndani, unachokibeba kwenye kiroba ukakiita mbegu ya kuvu huenda ni mchanga mtupu, au kitu kibaya zaidi.

Maabara hutumia rangi za bei kubwa na zenye sumu. Tangu mwaka 1998 iko njia iliyochapishwa ya kutumia wino wa kalamu na siki, na hiyo inawezekana jikoni. Kwanza mzizi unapikwa kwenye soda kali ili nyama yake iwe angavu, kisha unatiwa rangi inayoshika kuvu.

Maelezo ya asili yanataka potasi kali. Tulichopata ni kostiki soda ya watengeneza sabuni, na imefanya kazi kwa masharti. Gramu 10 kwenye mililita 100 za maji. Soda ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, na glavu na miwani si hiari: tone moja linachoma ngozi, na jichoni ni upofu. Tulifanyia nje, watoto wakiwa mbali.

Jaribio la kwanza liliharibika kabisa. Mizizi ilichemka kwa nguvu dakika 20 ikawa uji. Kwa mtama tumeishia kwenye dakika 10 za moto mdogo, maji yakiwa karibu kuchemka lakini hayachemki. Kwa kunde, ambayo mizizi yake ni laini, dakika 5 zinatosha.

Jaribio la pili liliharibiwa na wino. Tulitumia wino wa muhuri, na kila kitu kikawa buluu, mzizi na kuvu pamoja, hata kusuuza hakukusaidia. Kinachotakiwa ni wino mweusi wa chupa, ule wa kalamu za kujaza. Kijiko cha chai kimoja cha wino kwenye mililita 95 za siki nyeupe ya asilimia 5, mizizi iliyosuuzwa vizuri inapikwa humo dakika tatu, kisha inalazwa dakika 20 kwenye maji yenye matone machache ya siki. Maji hayo huondoa rangi kwenye mzizi na kuiacha kwenye kuvu.

Shule ya sekondari ya jirani ilituruhusu kutumia hadubini yao Jumamosi, na mwalimu wa baiolojia alikaa nasi mpaka jioni. Kwa ukuzaji wa mara 100 nyuzi zilionekana zikipita katikati ya chembe, na vifuko vya mviringo ambamo kuvu huhifadhi mafuta. Kwa mara 400, ndani ya chembe moja moja, tuliona kile tulichokuwa tunakitafuta: kuvu aliyejigawa matawi, na matawi yakajigawa tena, kama mti uliopukutisha majani. Hapo ndipo fosforasi inapokabidhiwa na sukari inapopokelewa. Vijimti hivyo huishi siku chache tu, vikavunjika na vingine vikajengwa. Wasichana wa kidato cha tatu waliokuwa wanafua makoti ya maabara waliacha kufua wakapanga foleni kutazama, na mwalimu hakuwazuia.

Matokeo kwa dumu: mtama peke yake, kuvu wapo kwenye zaidi ya nusu ya vipande tulivyovihesabu. Mtama na kunde, vivyo hivyo, na kunde imejaa zaidi. Mtama wenye mbolea ya kuku ulikuwa mrefu kuliko yote, majani mapana, na kila aliyepita aliusifia, lakini mizizi yake karibu yote ilikuwa mitupu. Mbolea ya kuku ina fosforasi nyingi. Madumu hayo manne tumeyatoa kwenye mradi, mtama wake umekwenda kwa ng'ombe.

Gharama: kostiki soda Sh 5,000; wino Sh 4,000; siki Sh 2,000; glavu na miwani Sh 9,000.

23 Juni 2024: Vinundu

Tulipoosha mizizi ya kunde kwa ajili ya sampuli ya pili, ilikuwa na vinundu vingi. Kunde huwa na vinundu vyema, nyumba za bakteria wanaotengeneza naitrojeni, kwa hiyo mwanzoni hapakuwa na wasiwasi. Mwenzetu mmoja aliyewahi kulima nyanya ndiye aliyesema tupimie kucha.

Kipimo ni rahisi. Kinundu cha bakteria kimebandikwa ubavuni mwa mzizi; kikisukumwa kwa kucha hubanduka, na ukikipasua ndani kina rangi ya waridi. Kinundu cha minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliovimba. Hakibanduki, na ukikivuta mzizi unakatika. Vya kwetu vilikuwa mchanganyiko, na katika madumu yote manne ya kunde vile vibaya vilikuwepo.

Minyoo fundo ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na kunde ni chakula chao kizuri. Hawakuja na mbegu. Walikuja na udongo, na inaelekea ni ule wa sehemu ya chini ya korongo, inayopakana na bustani ya nyanya. Kwa kuwa udongo wa sehemu zote ulichanganywa kabla ya kujazwa, wanaweza kuwa kwenye kila dumu. Kwenye kunde walipata karamu, kwenye mtama huenda wapo wachache wasiojionyesha.

Kikundi kilikaa. Wapo waliotaka tuendelee na madumu ya kunde kwa kuwa kuvu wake walikuwa wengi kuliko ya wengine. Nilipinga, na bado napinga: mkulima anayenunua mche wa maabara analipa ziada ili asilete minyoo shambani kwake, na minyoo ikishaingia kwenye udongo haitoki. Madumu manne yamepikwa kwa mvuke na mchanga wake umetengwa kwa kazi za ujenzi.

Kwa manne ya mtama yaliyobaki, tumechota sampuli kutoka kila dumu na kupanda humo miche ya nyanya ya aina isiyohimili minyoo. Nyanya itatuambia.

Gharama: mbegu za nyanya, Sh 2,000.

14 Julai 2024: Kukausha

Baridi ya Julai ilikuwa imepunguza kasi ya mtama, tukasubiri mpaka ulipoanza kutoa masuke. Maji yamesimamishwa. Mmea unapokauka kuvu hutengeneza mbegu zake nyingi, zile chembe za mviringo zinazoweza kukaa udongoni bila mmea. Baada ya wiki mbili tutakata mashina na kuacha madumu yakauke kivulini. Hakuna zaidi ya hapo katika hatua hii.

11 Agosti 2024: Nyanya imejibu, na hesabu

Mizizi ya nyanya imeoshwa na kukaguliwa. Dumu moja kati ya manne lina vinundu vya minyoo. Matatu ni safi. Lenye minyoo limepikwa.

Matatu safi tumeyamwaga juu ya turubai, mizizi ikakatwa kwa panga vipande vya sentimita moja, ikachanganywa na mchanga wake. Jumla lita 45, ndani ya viroba (Sh 3,000), mahali pakavu pasipo jua.

Fedha zote hadi leo ni Sh 103,000. Kwa kipimo cha robo lita kwa mche, lita 45 zinatosha miche 180, yaani takriban Sh 570 kwa mche. Kama madumu yote 12 yangefaulu ingekuwa chini ya Sh 150. Tofauti hiyo ndiyo bei ya kuku, kunde na udongo uliochanganywa, na naiandika hapa ili mwingine asiilipe.

Mabadiliko kwa awamu ijayo: udongo wa kila sehemu ya korongo unakaa kwenye dumu lake, na jina lake limeandikwa ubavuni. Nyanya inapandwa kwenye sampuli ya udongo kabla ya kitu kingine chochote.

6 Oktoba 2024: Miche ya migomba

Miche 60 imegawanywa makundi manne ya miche 15. La kwanza, mbegu ya kuvu hai, bila TSP. La pili, mbegu ileile iliyopikwa ikafa, bila TSP. La tatu na la nne vivyo hivyo, lakini na TSP. Mbegu iliyokufa inahitajika ili miche yote ipate mchanga na mizizi sawa. Makundi yenye mbegu iliyokufa yalipata pia maji yaliyosuuzia mbegu hai na kupitishwa kwenye karatasi mbili za kuchujia kahawa: bakteria hupita, mbegu za kuvu hubaki juu. Bila hivyo tusingejua kama tofauti imeletwa na kuvu au na bakteria.

Mbegu inawekwa kwenye shimo, chini ya mizizi, igusane nayo. Kuitawanya juu ya kiriba ni kuipoteza.

Udongo wa viriba ulipikwa. Kundi dogo la majaribio lililopandwa siku mbili baada ya kupika liliungua kingo za majani. Udongo uliotoka kwenye mvuke huachia manganizi na amonia kupita kiasi. Tulipouacha wiki mbili ukiwa na unyevu kidogo na kugeuzwa mara kwa mara, tatizo halikurudi.

8 Desemba 2024: Kitalu baada ya miezi miwili

Mwezi wa kwanza ulitutia shaka. Miche yenye kuvu hai bila TSP ilikuwa mifupi kuliko ile ya kuvu waliokufa, na kuna aliyesema tumeipandikizia ugonjwa. Lakini mche mchanga wenye majani mawili hauna sukari ya kugawa, na kuvu anayejenga nyuzi zake anakula kabla hajaleta chochote.

Kuanzia wiki ya sita mambo yamegeuka. Kundi la kwanza lina majani mapana na shina nene. Kundi la pili limedumaa, majani ya kijani cha kukoza kinachoelekea buluu, na ya chini yamekauka kingo. Makundi mawili yenye TSP hayatofautiani kwa macho wala kwa futi kamba. Tulipopaka wino mizizi yake, kundi la tatu lilikuwa na kuvu wachache kuliko la kwanza, ingawa walipewa kipimo kilekile. Ukitoa TSP kwenye kiriba, usinunue wala usizalishe kuvu, umeshachagua.

16 Februari 2025: Shambani

Miche ilipandwa mwishoni mwa vuli katika mashamba mawili. La kwanza ni shamba la zamani la migomba na kahawa, lenye matandazo na miti. Humo tofauti kati ya kundi la kwanza na la pili inafutika haraka. Miche iliyodumaa imechomoza majani mapya ya kawaida. Udongo ule una kuvu wake tangu zamani, na mizizi iliwakuta ndani ya wiki chache.

La pili ni kipande ambacho udongo wa juu ulichimbwa kwa ajili ya matofali. Huko miche ya kundi la pili imesimama palepale, na kadhaa imekufa, wakati ya kundi la kwanza inaendelea. Udongo wa juu ulipoondolewa, kuvu waliondoka nao, na hakuna jirani wa kuwarudisha upesi.

Kwa hiyo hatutauza mbegu hii kwa kila mwenye mgomba. Mwenye shamba la zamani lenye matandazo tutamwambia ukweli kwamba haihitaji. Awamu ya pili inaelekezwa kwenye mashimo ya matofali, kingo za barabara zilizokatwa na viwanja vilivyosawazishwa kwa greda, ambavyo huku kwetu vinaongezeka kila mwaka.

Madumu mapya yameshapandwa: mtama na nyasi za Rhodes, bila kunde, bila kuku, matundu kumi, sehemu tatu za korongo zikiwa mbalimbali. Nyanya za kipimo ziko kwenye viriba pembeni, na mizizi yake itaoshwa mwanzoni mwa Aprili. Dumu ambalo nyanya yake itakuwa na kinundu hata kimoja litapikwa.